Mkoba wa Wifi Nadine

Watu wa bondeni kwetu wakimcheka mtu, kicheko chao hugeuka jina. Wifi yangu Nadine Stidham walimwita Nadine Mkoba. Ulikuwa mkoba wa ngozi ya kahawia, mpana kiasi cha kulaza kitoto kichanga, na ndani yake, chini ya leso na pipi za mnanaa, mlikuwa na bastola. Kila mtu alijua. Kwetu milimani Kentucky hilo halimshangazi mtu, maana nusu ya wanakwaya wa kanisa letu wana kitu kiunoni. Kilichowachekesha ni kwamba Nadine hakuwa mtu wa bunduki hata kidogo. Aliolewa na kaka yangu Hobert akiwa hajawahi kumlenga hata kindi, na wanaume walipokuwa wakisafisha bunduki zao yeye alitoka nje kuanika nguo. Kisha akamzika mwanawe, na tangu siku hiyo hakutoka nyumbani bila bastola.

"Nadine, leo unamwogopa nani?" mwenye duka la vyakula alimwuliza siku moja, mimi nikiwepo. "Kuna mtu anataka kukuibia viazi?"

"Nakuogopa wewe na mizani yako," Nadine akamjibu, akafunga zipu ya mkoba.

Mimi ndiye niliyemtania kuliko wote. Wifi ni wifi, na mimi Geneva sikujaliwa ulimi mlaini. Nilimwambia amekuwa kama shangingi wa sinema za kauboi. Alicheka kidogo, akabadili mazungumzo. Ungemwona ungedhani ni mjane mwoga, na hali mumewe alikuwa hai, ameketi barazani na mrija wa oksijeni puani, mapafu yameliwa na vumbi la makaa ya mawe.

Mwana wao alikuwa mmoja tu, Lonnie. Mrefu, mwenye haya, mpiga banjo mbaya kupita wote niliowahi kuwasikia. Alipomaliza shule mgodi ulikuwa unafungwa, akajiunga na jeshi. Alipelekwa Afghanistan mara mbili. Mara ya pili aliyerudi alikuwa mtu mwenye sura ya Lonnie, anayekula chakula cha Lonnie, lakini ukimwita alikawia kuitika. Alipanga chumba mjini, nje ya kambi ya kikosi chake. Jumapili moja ya mwezi wa tatu alijiua humo chumbani kwa bastola ya babu yake.

Nasema bastola ya babu yake kwa sababu ndivyo ilivyo. Baba yetu alimpa Hobert, na Hobert akampa Lonnie alipotimiza miaka ishirini na mmoja, barazani, jamaa wote tukitazama. Ndiyo desturi yetu: bastola hutoka mkononi mwa baba ikaingia mkononi mwa mwana, watu wakapiga makofi, kisha ikakatwa keki. Keki ya siku ile niliikata mimi. Mpaka leo siwezi kupika keki ya nazi.

Polisi walipomaliza kazi yao waliirudisha bastola nyumbani ndani ya mfuko wa karatasi, wakamkabidhi Hobert kwa heshima, kwa kuwa imekuwa mali yake tena. Aliitia kwenye droo ya kabati la chumbani. Wiki iliyofuata Nadine aliniletea bunduki zote za Hobert za kuwindia paa, akasema kwao kuna unyevu zitaota kutu. Nilizipanga nyuma ya mlango wangu, nikaona ni maneno ya mtu aliyechanganyikiwa na msiba.

Kila mwaka, mwezi wa tano, kikosi cha Lonnie husoma majina ya wafu wake mbele ya jiwe lililo ndani ya kambi. Jina la Lonnie halikuwamo. Waliosomwa ni waliouawa vitani, na Lonnie kwa hesabu ya jeshi alifia kitandani kwake. Nadine hakudai nishani. "Nataka nilisikie mara moja tu, wifi," aliniambia. "Mtu aliyevaa sare alitamke kwa sauti, na mimi niwe nimekaa pale." Alilisema hilo miaka sita. Mwaka wa saba Sajini Arceneaux, rafiki wa Lonnie tangu siku za mafunzo, akapiga simu: kamanda mpya ameamua wasomwe wote, bila kuuliza walikufaje.

Hobert alikataa kwenda. "Wamechelewa," alisema. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeendesha pikapu yangu. Tulikula mikate ya moto na mchuzi wa soseji, Nadine akamwekea mumewe chakula cha mchana na mtungi wa akiba wa oksijeni, akaingia chumbani, akatoka na mkoba. Hobert alisimama barazani akiutazama, kisha akatutazama sisi. "Msikimbize gari," akasema.

Ni safari ya karibu kutwa, kutoka milima yetu hadi nchi tambarare ya magharibi yenye mashamba ya tumbaku. Nadine alikuwa amevaa gauni la buluu alilolivaa siku Lonnie alipoapishwa jeshini, na mkoba ameupakata. Mara mbili alinitaka nisimame kwenye kituo cha mafuta ampigie Hobert, ingawa angeweza kumpigia humo humo garini. Nilimwona kupitia kioo, amenipa mgongo, anazungumza kwa sauti ya chini kama mtu anayembembeleza ng'ombe aingie zizini.

"Kwani umeacha mtoto mchanga?" nikamwuliza aliporudi.

"Endesha, Geneva."

Tulifika getini muda mfupi kabla ya saa nane, na sherehe ilikuwa saa nane na nusu. Magari yalipanga foleni. Askari aliyetujia alikuwa kijana mwenye chunusi shingoni, mwenye adabu nyingi. Alitazama vitambulisho vyetu, akatuambia majina yetu yamo, akatupa pole. Kisha akauliza wanavyouliza wote.

"Kuna silaha yoyote garini, mama?"

"Ipo," Nadine akasema, kwa utulivu kabisa, akaupapasa mkoba. "Lakini hii mnayo tayari. Imeandikishwa hapa hapa."

Hapo ndipo nilipojua kosa alilokuwa amelibeba kutoka nyumbani. Mtu wa nje angejua tu kwamba huwezi kuingia na bastola yako kwenye kambi ya jeshi. Sisi tuliozaliwa nazo tunafikiri tofauti. Lonnie alipopanga mjini aliiandikisha kambini ili aweze kwenda nayo uwanja wa shabaha, na mamaye akaelewa kwamba kitu kikishajulikana na jeshi, mlango wake uko wazi siku zote, kama vile mtoto wa nyumba habishi hodi.

"Imeandikishwa kwa jina la nani, mama?" kijana akauliza.

"Sajini Lonnie Stidham."

"Yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Ndiye mtakayemsoma leo," Nadine akasema.

Kijana yule alimwita mkubwa wake, wakanong'ona, wakarudi. Hawakutufokea, hawakutukamata. Kwa kuwa ametamka mwenyewe kabla ya kuingia, walisema, tugeuze gari, tukaiache nje, turudi. Ng'ambo ya barabara kuna duka la kuweka rehani linalowatunzia wageni silaha zao. "Ni karibu, mama. Mtawahi."

Mwenye duka aliitwa Rayburn, mtu mnene mcheshi, na ukuta wa nyuma yake ulikuwa visanduku vya chuma vyenye namba. "Karibuni, kina mama. Hapa bastola zinalala salama kuliko wenyewe." Nadine aliitoa ikiwa imefungwa kwa taulo la jikoni. Rayburn akaifungua, akapiga mluzi. Ilikuwa ya zamani, yenye silinda inayozunguka, mpini wa mti uliolainika kwa mikono ya watu watatu. Aliizungusha, akaona haina risasi, akaielekeza kwenye mwanga.

"Hii mashine, mama. Siku hizi hawatengenezi. Ukitaka kuiuza usihangaike kwingine, niuzie mimi leo leo. Kuna vijana hapo ndani wangepigana wapate kama hii."

Nadine aliinyakua mkononi mwa Rayburn. Sikuwahi kumwona akimnyang'anya mtu kitu. Aliifunga taulo ovyo ovyo, akatoka nje, mlango ukajigonga nyuma yake.

Nilimfuata nikiwa nimewaka. "We Nadine, una akili kweli? Miaka saba unalilia jina la mtoto. Wanalisoma sasa hivi, ng'ambo ya barabara, na wewe unang'ang'ania chuma! Mpe yule bwana akiweke, twende."

"Sikiachi kwa mtu."

"Kwa nini?"

"Sikiachi."

"Basi nakwenda peke yangu. Nitamsikilizia mimi."

Hapo akakaa kwenye ukingo wa saruji, na gauni lake la buluu, miguuni pa gari langu. "Ukiikabidhi serikali, wanainadi," akasema. "Nimeuliza. Ndiyo sheria ya Kentucky. Wanainadi, inakwenda nyumba nyingine. Na huyu anataka kuwauzia vijana wa humo. Vijana, Geneva."

"Kwani imeuzwa? Anaitunza tu. Na kama hivyo unavyoichukia, ungeiacha nyumbani kwenye droo."

Alinitazama tu. Mimi mtoto wa Stidham, niliyelala kitanda kimoja na Hobert tukiwa wadogo, niliona kitu usoni pa mke wake ambacho ningepaswa kukiona miaka saba nyuma.

"Nilimkuta," akasema. "Baada ya mazishi. Nilitoka kazini, nikamkuta amekaa kitandani, droo iko wazi, imo mapajani mwake. Akasema anaisafisha. Haikuwa na kitambaa wala mafuta, Geneva. Nikazitupa risasi mtoni, lakini risasi si zinauzwa hata kwa muuza chambo? Sikuweza kuiondoa, ni ya baba yenu, angeniuliza. Kwa hiyo nikitoka natoka nayo. Nikirudi nairudisha kwenye droo kabla hajajua."

"Miaka saba?"

"Nikiwa ndani, nipo. Nikitoka, naibeba."

Siri ya mtungi muulize kata, na mimi niliyejidai najua kila kinachopikwa nyumba ile sikuwa nimeuliza. Nilikumbuka jinsi alivyoacha kazi ya kupika katika shule ya msingi, kazi aliyoipenda, tukasema ni msiba. Shule hairuhusu bastola. Posta hairuhusu, na ndiyo maana barua zake nilimchukulia mimi. Mtu mzima alikuwa amekata vipande vya maisha yake akavitupa, kimoja kimoja, kila palipoandikwa marufuku, na sisi tukicheka. Nilijichukia. Nimeona aibu nyingi maishani mwangu, nyingine nilijitakia, lakini ile ilizipita zote.

"Lete," nikamwambia.

"Nini?"

"Lete mkoba. Mpigie Arceneaux aje akuchukue. Mimi nakaa nao hapa mpaka utoke."

"Na wewe ulitaka kumsikia."

"Mama yake ni nani, mimi au wewe? Nenda, wifi. Unachelewa."

Arceneaux alikuja mbio kwa gari lake, sare imenyooka, akamshika mkono. Niliwaona wakipita getini. Nadine alikuwa hajui aiweke wapi mikono yake. Ilikuwa ikirudi tumboni, pale mkoba ulipozoea kukaa.

Nikabaki ndani ya pikapu, madirisha yamefungwa, mkoba mapajani. Sina haja ya kusema uongo: niliogopa. Nimekulia na bunduki, nimewachuna paa, lakini mkoba ule ulikuwa na uzito ambao si wa chuma. Ulinuka mnanaa. Niliufungua, nikaufunga. Nikaona kama Lonnie amekaa kiti cha nyuma, magoti juu kwa urefu wake, anasubiri tu tumalize mambo yetu. Sikugeuka. Nitakwambia ukweli, mpaka leo sijui kama ningegeuka ningeona kiti kitupu.

Kutoka ng'ambo ya uzio ikaja tarumbeta, kisha milio ya bunduki za heshima, yote kwa pamoja, ikarudia, ikarudia tena. Majina yenyewe hayakufika barabarani. Nikasema moyoni, sasa hivi wanalitamka, au wamekwisha kulitamka. Na wazo jingine likanijia. Hobert yuko peke yake. Nikampigia.

Simu iliita ikakatika. Nikapiga tena. Ikaita, ikaita. Nilikuwa nimeshawasha gari, kana kwamba ningefika milimani kabla ya mlio kwisha, ndipo akapokea, anahema.

"Wamelisoma?" akauliza.

"Sijui. Niko nje. Hawakuturuhusu kuingia na mkoba, nimebaki nao."

Nilisikia mashine yake ya oksijeni ikivuta na kupumua.

"Nadine amekuachia wewe?"

"Ndiyo."

"Basi amekwambia."

"Kaka," nikasema, "kumbe unajua?"

"Geneva, mimi ndiye ninayeitafuta. Nitakosaje kujua ilikokwenda?"

Nikazima gari.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu mara ya kwanza. Anafunga mlango, gari linaondoka, mimi nakwenda chumbani. Nafungua droo. Haipo. Nakaa kitandani. Siku nyingine nalia, siku nyingine nashukuru. Akirudi naketi barazani, najifanya nimelala, ili apate nafasi ya kuirudisha."

"Bado unaifungua hiyo droo?"

Akakohoa kwa muda mrefu. "Siku nyingine."

"Leo?"

"Simu ilipoita nilikuwa chumbani."

Nililia. Nililia kwa sauti, mbele ya duka la Rayburn, watu wakipita na mifuko yao. Kaka yangu alinisubiri, kama alivyonisubiri tulipokuwa wadogo nikianguka kwenye mawe ya kijito.

"Nilimpa mimi, Neva," akasema, kwa jina langu la utotoni. "Mkono wangu huu. Mlipiga makofi."

"Najua. Nilikuwepo."

"Sasa sikiliza. Msirudi nayo. Mimi sitaweza kumwambia usoni, nitaona aibu. Mwambie wewe. Msirudi nayo nyumbani kwangu."

"Ni ya baba."

"Baba amekufa. Lonnie amekufa. Msirudi nayo."

Nadine alipotoka getini macho yake yalikuwa makavu. Alipanda garini, akauchukua mkoba bila kuutazama. Jina, alisema, lilisomwa na mwanamke, kapteni, kwa sauti safi. Kila jina lilipotajwa, familia yake ilitakiwa isimame. "Wengine walisimama safu nzima. Mimi nilisimama peke yangu, wifi. Lakini nilisimama."

Nikamwambia aliyoyasema Hobert. Sikupunguza kitu. Alisikiliza akitazama mbele, na nilipofika pale pa kukaa barazani na kujifanya amelala, aliinua mkono nikanyamaza.

"Miaka yote nimedhani ninamdanganya," akasema.

"Alikuacha umdanganye."

Akafunga mkanda wa kiti. "Tafuta fundi wa vyuma," akasema.

Tulimpata kwenye mji mdogo njiani, mzee anayetengeneza matrela ya mashambani. Alitazama bastola, akatutazama, akasema ni dhambi kukata kitu kizuri hivyo. Nikamwambia ni mali ya baba yangu na ni mimi ninayesema ikatwe. Hakuuliza tena. Aliikata kwa moto wa gesi vipande vingi, akavisukuma kwa buti kwenye pipa la vyuma chakavu. Nadine alisimama karibu mno, cheche zikamtoboa gauni, nikamvuta.

Tulifika kwetu usiku, taa ya baraza ikiwaka. Hobert alikuwa barazani, macho wazi. Nadine alipanda ngazi, akaupindua mkoba juu ya meza: leso, pipi, funguo, miwani, taulo la jikoni. Hobert alivitazama vitu hivyo kimoja baada ya kingine. Hakuvigusa.

"Walilisomaje?" akauliza.

Nadine aliweka mikono yake pembeni, kama askari, au kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Sajini Lonnie Hobert Stidham," akasema.

Kaka yangu alishika nguzo ya baraza. Mrija wa oksijeni ulivutika ukamtoka puani, naye akaacha utoke, akasimama. Mashine iliendelea kupuliza hewa sakafuni. Alisimama akihema, macho yake kwa mkewe, na sisi wawili hatukujua jinsi ya kumwambia akae.